Mtoto Asiyekuwepo Uwanjani: Mhadhara juu ya Michoro ya Takwimu na Kadi ya Kliniki

Mada ya leo ni usanifu wa taarifa, yaani ufundi wa kuzipanga takwimu katika mchoro mpaka mtu azione, azielewe na azitumie. Wengi wanaoanza kujifunza ufundi huu huanzia mwisho wake. Huuliza rangi gani inavutia, programu gani ina picha nyingi, nguzo zisimame au zilale. Mimi naomba tuanzie kwenye karatasi ambayo nyumba za Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, zenye watoto wadogo zinaitunza pamoja na hati za shamba, imefungwa kwenye plastiki isilowe: kadi ya kliniki. Sidhani kama upo mchoro mwingine wa takwimu uliofika majumbani mwetu kwa wingi kama huo, na sidhani kama upo mwingine unaoweza kutufundisha zaidi, kwa yale uliyoyafanya vizuri na kwa lile moja ambalo haukulionyesha.

Hoja yangu ni hii. Jicho la binadamu ni hodari wa kulinganisha, lakini hulinganisha na kilicho mbele yake tu. Mama anamtazama mwanawe akicheza na watoto wa jirani, anawapima wote kwa mtazamo mmoja, na anaridhika: wangu analingana na wenzake. Ikiwa hao wenzake nao wamedumaa, basi mlinganisho wake ni wa kweli na bado unampoteza. Mtoto ambaye angemwonyesha tofauti, yule aliyekua kwa kadiri ambayo mtoto mwenye afya na lishe ya kutosha hukua, hayupo uwanjani. Kazi ya mchoro wa takwimu ni kumleta huyo asiyekuwepo, kumsimamisha pembeni ya huyu aliyepo, na kufanya hivyo mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Kanuni nyingine zote za fani hii, za rangi, za herufi, za mpangilio, zinapata maana kutokana na kazi hiyo.

Kwa nini niliseme jambo hili Kilolo na si kwingine? Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa ilikuwa asilimia 56.9, juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, kisha Rukwa kwa 49.8. Mikoa hii ndiyo inayolisha wengine. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kwa miongo mingi kuwa ghala la mahindi la taifa. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na ukipanda kuelekea Dabaga hukosi kuona viazi, njegere na misitu ya mbao. Macho yanaona magunia, na magunia yapo kweli. Macho hayaoni udumavu, ingawa nao upo kweli, kwa sababu mahali ambapo zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, mtoto aliyedumaa ndiye anayeonekana wa kawaida.

Sasa turudi kwenye kadi. Kabla haijabuniwa, uzito wa mtoto uliandikwa kwenye daftari la zahanati: kilo 8.1, mwezi uliofuata 8.3, uliofuata 8.2. Daftari lilibaki kwa muuguzi, na mama alirudi nyumbani na kumbukumbu ya tarakimu moja. Je, kilo 8.2 ni nyingi au chache? Tarakimu yenyewe haisemi. Ni nyingi kwa mtoto wa miezi sita, ni habari mbaya kwa mtoto wa miezi ishirini. Daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile magharibi mwa Nigeria miaka ya 1950, alilitatua tatizo hilo kwa mchoro. Chini ya grafu aliweka miezi ya kalenda, ikianza na mwezi aliozaliwa mtoto, ili muuguzi mwenye foleni ya akina mama asilazimike kupiga hesabu ya umri. Juu yake akapitisha mistari ya ukuaji inayotarajiwa, ambayo ndiyo yule mtoto asiyekuwepo ninayemsema. Kila pimo likawa nukta, nukta zikaunganishwa, na kilichotokea kikawa njia: inapanda, imelala, au inashuka. Morley alisisitiza kwamba mwelekeo wa njia unatoa habari mapema zaidi kuliko nafasi ya nukta moja. Kisha akafanya uamuzi ambao wachoraji wengi wa leo wangeuona si sehemu ya uchoraji kabisa: kadi hiyo akaikabidhi kwa mama akae nayo nyumbani.

Uamuzi huo wa mwisho ndio ninaoutazama kwa heshima kubwa kuliko yote. Mwaka 1858 muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alichora duara zake maarufu zilizoonyesha kwamba askari wa Uingereza katika vita vya Crimea waliuawa zaidi na maradhi yanayozuilika kuliko na majeraha. Alizichora kwa ajili ya wakubwa wenye mamlaka ya kubadilisha hospitali za jeshi, watu ambao aliamini hawangesoma majedwali. Alimjua msomaji wake. Morley naye alimjua wake, ila msomaji huyo alikuwa mwanamke wa kijijini mwenye mtoto mgongoni. Michoro yote miwili ilifanikiwa kwa sababu mchoraji alijua ni mkono wa nani utakaotenda baada ya jicho kuona. Kijana anayeketi mbele ya kompyuta bila kulijibu swali hilo anaweza kutoa kitu kizuri cha kutazama, lakini hatakuwa amesanifu taarifa.

Kadi iliyotumika Tanzania ilikuwa na maeneo matatu: kijani, kijivu na nyekundu. Kijani ni uzito unaofikia asilimia 80 au zaidi ya uzito wa rejea kwa umri ule, kijivu ni kati ya 60 na 80, nyekundu ni chini ya 60. Na Iringa ni mahali ambapo kadi hiyo ilipewa kazi kubwa kuliko kumwongoza mama mmoja. Mpango wa pamoja wa lishe wa WHO na UNICEF, uliogharamiwa na Serikali ya Italia, ulianza mkoani hapa mwaka 1983 katika vijiji 168. Wakati huo mkoa ulikuwa mkubwa kuliko leo: Njombe ilikuwa bado ndani yake, hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na Kilolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iringa hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2002. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto walipimwa hadharani kwenye mizani ya kuning'inizwa, kadi zikajazwa, kisha matokeo ya kijiji kizima yakajumlishwa na kupelekwa mbele ya serikali ya kijiji: wangapi wako kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu, na wale wa nyekundu wanaishi wapi.

Hapo grafu ya mama mmoja iligeuka kuwa mchoro wa kijiji. Swali lilitoka kwenye chumba cha muuguzi likaingia kwenye mkutano wa kijiji, likaulizwa na watu walewale wanaopanga lini watu waende kwenye kazi ya barabara na nani atunze ghala. Waliouendesha mpango huo waliuita mtiririko wa hatua tatu: kupima hali, kuchambua sababu, kutenda, kisha kupima tena. Kati ya mwaka 1984 na 1988 kiwango cha watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo kilishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wale wenye upungufu mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Fikra zilizoiva Iringa ziliingia katika mfumo wa kueleza sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa kwa dunia mwaka 1990, na mfumo huo unafundishwa vyuoni hadi leo. Watu wa nyanda hizi wana haki ya kujua kwamba dunia ilijifunza kwao.

Atanyanyuka mtu hapa aseme: hukuthibitisha kwamba ni kadi. Palikuwa na chanjo, mafunzo ya wahudumu wa vijiji, vituo vya kulishia watoto wakati mama zao wako shambani, na fedha ya kutosha ya kuyaendesha hayo yote. Pingamizi hilo ni la haki, na sitalikwepa. Hakuna awezaye kukata mafanikio yale vipande na kusema kipande hiki ni cha kadi na kile ni cha chanjo. Wala mchoro haumshibishi mtoto. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na naamini kinasimama: huduma zile zilihitaji kuelekezwa, na kilichozielekeza ni mchoro ulioweza kusomwa na wale waliozigawa. Kituo cha kulishia watoto huwekwa katika kitongoji kile na si hiki kwa sababu mtu fulani ameona nukta nyingi ziko wapi. Ondoa mchoro, na uamuzi utafanywa kwa sauti ya mwenye nguvu zaidi mkutanoni. Hilo ni la kweli kwa lishe, na ni la kweli kwa mgawo wa mbolea na visima pia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na husemwa hata na watu wanaokipenda kijiji. Wanasema grafu ni lugha ya waliosoma. Mwanakijiji mpe picha, mpe rangi, mpe kikatuni. Nalipinga kwa sababu mbili. Kwanza, takwimu rasmi za mwaka 1986, baada ya kampeni za elimu ya watu wazima, zilihesabu Watanzania wazima wasiojua kusoma na kuandika kuwa chini ya asilimia 10. Hao wanakijiji waliodhaniwa hawana macho ya maandishi walikuwa wamekaa madarasani usiku. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili. Pili, kusoma maneno na kusoma grafu ni stadi mbili tofauti, na ya pili inawashinda wengi kila mahali. Uchunguzi wa wazazi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba sehemu kubwa yao waliisoma vibaya grafu ya ukuaji ya mtoto, ingawa walisema wanaifahamu. Kwa hiyo tatizo si kijiji. Grafu ni kitu cha kufundishwa, kama majira na saa, na kadi inayotolewa bila dakika tano za maelezo ni kadi ambayo haijamaliza kusanifiwa.

Na wale wanaodhani picha inajieleza yenyewe wakumbuke uchaguzi mkuu wa mwaka 1965. Katika kila jimbo lenye ushindani walisimama wagombea wawili wa chama kimoja, na kwa kuwa wapiga kura wengi wakati huo hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Alama hizo zilikusudiwa zisiwe na uzito wowote. Lakini katika nchi ya wakulima, nchi iliyokuwa ikihimizwa kila siku kwamba kilimo ndio uti wa mgongo, jembe halikuwa mchoro tu. Lilikuwa hoja, na wagombea waliligeuza kuwa hoja majukwaani, kama wenzao walivyofanya na nyumba. Marie Neurath alikutana na jambo la aina hiyohiyo miaka ya 1950, alipopeleka Nigeria ya Magharibi mfumo wa alama za picha alioujenga Ulaya na mumewe Otto: ilibidi alama zichorwe upya zifanane na nyumba, mavazi na mazao ya watu wa pale. Picha ina lafudhi kama maneno yalivyo na lafudhi. Mchoraji anayechukua vikatuni vilivyotengenezwa kwa ajili ya mji wa mbali na kuvibandika kwenye bango la Kilolo amewapa watu maandishi ya kigeni yasiyo na herufi.

Nimeisifu kadi. Sasa niseme ambalo haikulionyesha. Kadi ile ilipima uzito kwa umri. Uzito ni rahisi kupima: mzani mmoja, kamba, tawi la mti. Lakini uzito unachanganya mambo mawili, wembamba na ufupi, na mtoto mfupi aliyejaa vizuri anaweza kubaki eneo la kijani miaka yote mitano. Tazameni takwimu za taifa za 2022: waliodumaa asilimia 30, wenye uzito pungufu kwa umri asilimia 12. Hata tukichukulia kwamba kila mwenye uzito pungufu amedumaa pia, bado wanabaki watoto 18 katika kila 100 ambao wamedumaa na mizani haina neno juu yao. Kadi haikudanganya. Ilijibu vizuri swali ililoulizwa. Kijiji kikajifunza kuliona jambo lililochorwa, na lile ambalo halikuchorwa likaendelea kukaa nje ya mkutano, nje ya muhtasari wa mtendaji, nje ya mazungumzo ya kilabuni. Nguvu ya mchoro mzuri ndiyo hatari yake: unavyowafanya watu waone upande mmoja kwa uwazi, ndivyo unavyowatuliza kwamba hakuna upande wa pili. Ndiyo maana nawasihi vijana wa fani hii wasigombane juu ya rangi kabla hawajagombana juu ya kipimo. Kipimo kikishachaguliwa, nusu ya wanachoweza kuona wasomaji imeshaamuliwa.

Husemwa mara nyingi, na si wajinga tu wanaosema, kwamba ufupi wa watu wa nyanda hizi ni urithi: baba mfupi, mama mfupi, mtoto atakuwaje? Pingamizi hili linastahili jibu la takwimu, kwa sababu likiachwa linaua kila mchoro tutakaouchora. Kati ya mwaka 1997 na 2003, WHO iliongoza utafiti wa ukuaji wa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama, wenye huduma za afya, ambao hali ya nyumbani haikuwazuia kukua. Urefu wao katika miaka mitano ya mwanzo ulikaribiana mno, wa Accra na wa Muscat na wa Oslo. Urithi upo, na hutofautisha mtoto mmoja na mwenzake ndani ya mtaa. Lakini kwa umri huo hautofautishi jamii nzima na jamii nyingine kwa kiasi tunachokiona Iringa. Viwango vilivyotolewa mwaka 2006 kutokana na utafiti huo ndivyo vinavyotumika sasa katika grafu za kliniki zetu. Angalieni vilevile kwamba hili lenyewe ni swali la usanifu: yule mtoto asiyekuwepo tunamchukua wapi? Kadi za zamani zilitegemea rejea zilizotokana na watoto wa nchi tajiri, wengi wao wa maziwa ya kopo. Mlinganisho unaaminika kadiri anayelinganishwa naye anavyoaminika, na mchoraji anapaswa kuwaeleza wasomaji ametoka wapi.

Vitabu vipya vya kliniki vina nafasi ya urefu kwa umri. Hata hivyo kuwepo kwa ukurasa si kuujaza. Urefu wa mtoto mdogo hupimwa akiwa amelazwa kwenye ubao, kichwa kimegusa mwisho wa juu, magoti yamenyooshwa, na watu wawili wameshika. Mtoto analia, foleni ni ndefu, na kosa la sentimita moja linaweza kumvusha mstari. Kwa hiyo wapo wanaosema tuache urefu, turahisishe, tutumie rangi tatu tu kama ule utepe wa kupima mzingo wa mkono. Utepe huo naukubali mahali pake. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano, juu yake ni kijani. Mhudumu anamfunga mtoto mkononi na papo hapo anajua kama ampeleke kituo cha afya leo. Swali ni la leo, jibu ni la leo, na rangi tatu zinatosha. Udumavu si swali la leo. Unaingia polepole, kuanzia tumboni hadi siku ya kuzaliwa ya pili, na rangi inayosema tu kwamba mtoto ameshaingia eneo baya inaleta habari baada ya msiba. Panapotakiwa kuonya mapema hakuna mbadala wa mstari, kwa sababu mstari pekee ndio unaoonyesha mwendo.

Juu ya rangi zenyewe nitasema machache. Baadhi ya wanaume hawazitofautishi nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Karatasi za ofisini kwetu, nazo, huishi maisha yao mengi kama fotokopi: ripoti ya rangi inatoka wilayani, inafika kijijini nyeusi na nyeupe, na kijani, njano na nyekundu zote zimegeuka kijivu. Mchoro ambao maana yake yote iko kwenye rangi umekufa njiani. Dawa yake ni nyepesi: andika neno ndani ya eneo, tofautisha maeneo kwa mistari ya mshazari au nukta, weka kilicho kibaya chini na kilicho kizuri juu ili nafasi yenyewe iseme. William Cleveland na Robert McGill, waliochunguza jambo hili Marekani mwaka 1984, walionyesha kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi nafasi ya nukta kwenye mstari mmoja wa vipimo kuliko pembe, na pembe na urefu kuliko eneo au kivuli cha rangi. Wanaopenda kugawa bajeti ya halmashauri kwa vipande vya chapati vyenye vivuli na vina wanajipendeza wenyewe. Msomaji wanamwacha anakisia.

Jambo hilohilo tunaliona katika taarifa za mapato na matumizi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji. Sheria inataka wananchi wasomewe, na hilo ni jema. Lakini jedwali la mistari arobaini linaloonyesha robo hii peke yake halimleti asiyekuwepo. Shilingi laki nane za ukarabati wa choo cha shule ni nyingi au chache? Zilikuwa ngapi robo iliyopita? Zilipangwa ngapi? Weka nguzo ya kilichopangwa kando ya nguzo ya kilichotumika, weka robo ya jana kando ya robo ya leo, na mzee ambaye hakuwahi kuuliza swali mkutanoni ataonyesha kwa kidole. Mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walianza kuusaini Desemba 2017 nao una kadi ya alama yenye rangi, inayopima kama halmashauri zimetenga na kutumia fedha zilizokubaliwa kwa kila mtoto. Ni chombo kizuri cha kumbana kiongozi. Ila kinaonyesha kilichofanywa na ofisi, hakionyeshi kilichotokea kwa mtoto, na halmashauri inaweza kuwa ya kijani katika ukurasa mmoja huku watoto wake wakibaki chini ya mstari katika ukurasa mwingine. Kurasa hizo mbili zingechorwa juu ya karatasi moja, zisomwe kikao kimoja. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, ambayo ni mrithi wa siku zile za miaka ya 1980, ipo tayari, kikao kipo, kinachokosekana ni mchoro wa urefu uliowekwa mezani.

Na ramani? Ramani za udumavu zinazoupaka Mkoa wa Iringa wote rangi moja nzito zinaamsha taifa, lakini hazimsaidii diwani. Asilimia 56.9 ni wastani wa nyanda za baridi na mabonde ya joto, wa mjini na wa milimani. Zaidi ya hapo, ramani ya asilimia haihesabu vichwa. Sensa ya 2022 iliikuta Iringa na watu 1,192,728 na Dar es Salaam na watu 5,383,728. Kila asilimia moja ya watoto wa Dar es Salaam ni watoto wengi zaidi kuliko asilimia moja ya wa kwetu. Anayepanga malori ya unga wenye virutubisho anahitaji idadi. Anayetafuta sababu anahitaji asilimia, na anaihitaji kwa kitongoji. Mchoro mmoja hauwezi kuwahudumia wote wawili, na anayejaribu huishia na bango lililojaa kama soko siku ya mnada.

Nirudi kwa mama, maana huko ndiko Morley alikoiweka kadi. Katika wilaya ya Chipata, mashariki mwa Zambia, watafiti walijaribu kubandika grafu kubwa ya urefu kwenye ukuta wa nyumba, yenye vipimo halisi, ili mzazi amsimamishe mtoto pale na aone mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa watoto wote kwa jumla hapakuwa na mabadiliko makubwa, lakini miongoni mwa wale waliokuwa wamedumaa mwanzoni, udumavu ulipungua kwa pointi 22 za asilimia katika nyumba zilizopewa grafu. Watoto waliopimwa kwenye mikutano ya jamii hawakuonyesha nafuu hiyo. Jaribio moja si hukumu, na lilihusu watoto mia tano na ushei tu. Lakini linaelekeza jicho mahali pa kutazama: grafu ya saizi ya mtoto mwenyewe haihitaji tarakimu, haihitaji mhimili, haihitaji mtu wa kutafsiri. Kichwa kinafika au hakifiki.

Kwa viwango vya WHO, mvulana wa miezi 24 akisimama, kiwango cha kati ni sentimita 87.1, na mstari wa udumavu uko kwenye 81.0. Kwa msichana ni 85.7 na 79.3. Tofauti kati ya mistari hiyo miwili ni sentimita 6 na ushei, pungufu kidogo ya upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Ndiyo tofauti yote ambayo jicho halikuiona uwanjani miaka yote hii, magunia yakipita barabarani kwenda mjini. Inawezekana kuichora kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yoyote ya Kilolo: mstari mmoja juu, mmoja chini, na tarehe pembeni yake kila mtoto anaposimamishwa pale.